Tarishi, Mlango na Foleni: Uhakiki wa Istilahi za Seva ya Barua Pepe

1. Utangulizi

Miongoni mwa miswada iliyoletwa mezani petu kwa ajili ya ukaguzi wa lugha, umo mmoja unaostahili kujadiliwa mbele ya wasomaji wa jarida hili. Ni mwongozo wa kusakinisha na kusanidi seva ya barua pepe katika mfumo wa uendeshaji wa Debian, ambao ni wa jamaa ya Unix, kwa kutumia programu mbili: Postfix na Dovecot. Umekusudiwa watumishi wa ofisi ambao si wahandisi, lakini ambao huenda wakakabidhiwa kazi hiyo kwa sababu hakuna mwingine wa kuifanya. Jina la mfasiri na ofisi yake hatutalitaja, kwa kuwa kasoro tutakazozionyesha si zake peke yake. Ni kasoro za njia tuliyoizoea sote: kuchukua orodha ya maneno ya Kiingereza, kulitafutia kila moja mwenzake katika kamusi, kisha kudhani kwamba kazi ya istilahi imekwisha.

Hoja ya makala haya ni moja. Istilahi ya ufundi haipimwi kwa ulinganifu wake na neno la kigeni, wala kwa utamu wake masikioni. Hupimwa kwa tendo atakalolifanya msomaji baada ya kuisoma. Katika riwaya neno lisilo sahihi humpunguzia msomaji ladha. Katika mwongozo wa seva neno lisilo sahihi huweza kupoteza barua za ofisi nzima, au kuifanya ofisi hiyo chombo cha matapeli.

Tuseme mapema kwamba mswada una mazuri mengi. Sentensi zake ni fupi na safi. Maneno yaliyokwisha kuzoeleka, kama vile kikoa, itifaki, nenosiri, chujio na barua taka, umeyatumia bila kuyumba. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, ilidhihirika kwamba Kiswahili chaweza kumhudumia mtu aketiye mbele ya kompyuta akiandika barua. Mswada huu unajaribu kwenda hatua ya pili: kumhudumia yule anayeifikisha barua hiyo. Hatua hii ni ngumu zaidi, kwa sababu kazi zake hazionekani kwenye kioo.

2. Jina moja, watumishi watatu

Katika mswada, neno seva limetumika kwa maana tatu zisizotenganishwa. Mara ni mashine yenyewe. Mara ni Postfix. Mara ni Dovecot. Matokeo yake yanaonekana katika agizo hili: "Baada ya kubadilisha mipangilio, anzisha upya seva." Msomaji mwangalifu atauliza: ni seva ipi? Asiyeuliza atazima mashine nzima na kuiwasha tena, akikatiza kazi za watu wote, ilhali alitakiwa tu kuiagiza Postfix isome upya faili zake za mipangilio, jambo linalokwisha mara moja bila yeyote kukatizwa.

Tatizo hili lina historia. Programu iliyotawala kazi hii katika mifumo ya Unix tangu miaka ya 1980 ni Sendmail, iliyoandikwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hiyo ilikuwa programu moja kubwa iliyofanya karibu kila kitu, tena kwa mamlaka ya juu kabisa ya mashine. Wietse Venema alipoitoa Postfix mwaka 1998, akiwa katika kituo cha utafiti cha kampuni ya IBM, aliigawa kazi hiyo kwa programu nyingi ndogo, kila moja ikiwa na wajibu mmoja na mamlaka machache, ili mmoja akidanganywa wengine wasiangamie naye. Kwa hiyo mgawanyo wa kazi ndio moyo wa chombo chenyewe. Tafsiri inayouficha chini ya jina moja inamnyima msomaji jambo la kwanza analopaswa kulielewa.

Kiswahili hakina uhaba hapa. Katika nchi zetu watu wengi hawajazoea kuletewa barua mlangoni. Barua hufika posta, hutiwa katika sanduku lenye namba, na mwenye sanduku huja na ufunguo wake. Ndiyo sababu anwani zetu huandikwa S.L.P. Basi mpangilio wa seva ya barua tunao tayari katika maisha yetu. Yupo anayechukua barua kutoka ofisi hata ofisi: huyo ni tarishi, na hiyo ndiyo kazi ya Postfix. Yupo anayezipanga barua zilizofika na kutia kila moja katika sanduku lake: huyo ni mgawaji. Yupo anayemtambua mwenye sanduku kwa nenosiri lake na kumfungulia asome: huyo ni mtunza masanduku, na hiyo ndiyo kazi kuu ya Dovecot. Neno seva libaki kwa mashine na kwa huduma nzima kwa jumla. Lakini mara agizo linapotolewa, atajwe mtumishi anayeagizwa.

3. Mlango, hodi na kujitambulisha

Neno la Kiingereza linalotaja mahali pa kuingilia mawasiliano ndilo hilohilo linalotaja mahali pa kutia nanga meli. Mswada ukaandika "bandari ya 25". Msomaji wa Tanga au Mombasa atatabasamu, kisha atapotea. Bandari kwetu ni mahali pakubwa pa shehena, ushuru na makuli. Mji mmoja hauwi na bandari sitini elfu. Kinachotajwa hapa ni namba inayoieleza mashine kwamba mgeni huyu amekuja kwa shughuli ipi. Hiyo ni milango ya jengo moja. Mlango wa 25 ni wa matarishi wanaoleteana barua. Mlango wa 587 na wa 465 ni wa mwenyeji anayewasilisha barua yake ipelekwe, baada ya kutoa nenosiri. Mlango wa 993 ni wa anayekuja kusoma sanduku lake kwa njia iliyofichwa. Ukisema mlango, msomaji ataelewa papo hapo kwa nini mmoja hufungwa na mwingine huachwa wazi, na kwa nini kila mmoja una masharti yake.

Tafsiri ya amri ya EHLO inahitaji uangalifu wa namna nyingine. Mfasiri ameiita "hodi", na kwa mtazamo wa kwanza chaguo hilo linapendeza: ni la nyumbani, tena linaeleweka kwa mtoto. Lakini tuutazame utaratibu wenyewe kama ulivyowekwa na Jon Postel katika waraka wa RFC 821 wa mwaka 1982, na kama ulivyo hadi leo katika RFC 5321 wa mwaka 2008. Tarishi mgeni anafungua mawasiliano kwenye mlango wa 25, kisha ananyamaza. Mwenyeji ndiye anayesema kwanza, kwa namba 220 na jina lake. Hapo ndipo mgeni anaposema EHLO na kutaja jina la mashine yake. Kwa hiyo hodi imekwisha kupigwa wakati mawasiliano yalipofunguliwa. 220 ndiyo karibu. Na EHLO ni kujitambulisha.

Huenda mtu akasema kwamba huu ni ubishi wa mafundi wa lugha. Sivyo. Postfix inayo programu iitwayo postscreen, ambayo huweza kumchelewesha mgeni kwa sekunde chache kabla ya kumkamilishia salamu. Programu nyingi za kumwaga barua taka hazina subira; huanza kusema kabla ya kukaribishwa, na kwa utovu huo wa adabu hutambuliwa na kufukuzwa. Msomaji aliyefundishwa kwamba EHLO ndiyo hodi hataelewa kosa lao ni lipi, kwani kwake yeye mgeni aliyepiga hodi kabla ya kuitikiwa amefanya lililo sawa. Msomaji aliyefundishwa kwamba ni kujitambulisha ataelewa mara moja: huyu ameingia ndani akihutubia kabla hajaambiwa karibu.

4. Bahasha na barua

Hapa ndipo penye kasoro kubwa kuliko zote. Mswada unasema: "SPF huthibitisha mtumaji wa barua." Sentensi hii, kwa ufupi wake wote, ni hatari.

Kila barua pepe ina majina mawili ya upande wa kutoka, kama ilivyo barua ya karatasi. Jina la kwanza liko juu ya bahasha: ndilo linalotamkwa na tarishi katika amri ya MAIL FROM, na kazi yake ni kuonyesha barua irudishwe wapi ikishindwa kufika. Jina la pili limo ndani, kwenye kichwa cha barua, katika mstari wa From. Ndilo analoliona msomaji kwenye kioo chake. Majina haya mawili si lazima yafanane, na mara nyingi kuna sababu halali ya kutofanana. Utaratibu wa SPF hulitazama jina la bahasha, pamoja na lile la kujitambulisha, na kuuliza kama mashine inayoleta barua imeruhusiwa na mwenye kikoa hicho. Jina lililo ndani haligusi kamwe.

Kwa hiyo tapeli aweza kununua kikoa chake mwenyewe, akakiwekea SPF iliyo sahihi kabisa, akaandika kikoa hicho juu ya bahasha, na ndani akaandika jina la Katibu Mkuu. SPF itasema barua ni safi, na kwa upande wake haitakuwa imesema uongo. Mhasibu aliyesoma mwongozo wetu, na kuamini kwamba "mtumaji amethibitishwa", ataidhinisha malipo. Pengo hili ndilo lililozaa utaratibu wa DMARC, uliotangazwa katika RFC 7489 ya mwaka 2015. Huo hudai kwamba kikoa cha jina la ndani kikubaliane na kikoa kilichothibitishwa na SPF, au na sahihi ya kidijiti iitwayo DKIM. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo huwadai wanaotuma barua kwa wingi wawe na taratibu zote tatu. Kwa upande wa Google, wingi huo ni barua 5,000 na zaidi kwa siku. Afisa anayesanidi seva leo hana budi kuzielewa zote, na hataelewa kwa nini SPF haitoshi ikiwa lugha aliyopewa ina neno moja tu, mtumaji, kwa watu wawili.

Twapendekeza jina la bahasha liitwe anwani ya kurudishia, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Jina la ndani liitwe mwandishi, maana hata waraka unaoeleza umbo la barua, RFC 5322, unasema kwamba mstari wa From humtaja mwandishi. Hapo sentensi ya mswada itasomeka hivi: "SPF huthibitisha kikoa cha anwani ya kurudishia, haimthibitishi mwandishi." Sentensi imerefuka kidogo, lakini mhasibu amesalimika.

5. Kukataa, kuahirisha, kurudisha

Mswada unatumia kitenzi kurudisha kwa kila barua isiyofika. Lakini tarishi ana njia tatu za kutoifikisha barua, na kila moja humpa wajibu mtu tofauti.

Ya kwanza ni kukataa. Mwenyeji hujibu mlangoni kwa namba inayoanza na 5, kama vile 550, naye hajaipokea barua. Iko bado mikononi mwa aliyeileta. Ya pili ni kuahirisha. Mwenyeji hujibu kwa namba inayoanza na 4, kama vile 450, maana yake: njoo baadaye. Barua hukaa katika foleni ya tarishi aliyeileta, naye hujaribu tena na tena. Postfix isipoelekezwa vingine hujaribu kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa. Ya tatu ndiyo kurudisha kwa maana halisi: tarishi ameshaipokea barua, ameshindwa kuifikisha, na sasa anaandika taarifa kwa anwani ya kurudishia. Taarifa hiyo yenyewe hupelekwa ikiwa na anwani ya kurudishia iliyo tupu, ili taarifa isizae taarifa nyingine bila kikomo.

Tofauti ya kukataa na kurudisha si ya maneno. Barua taka nyingi huja na anwani ya kurudishia ya kughushi. Seva inayozipokea kwanza na kuzirudisha baadaye humpelekea taarifa mtu asiye na hatia, na hivyo yenyewe huwa mmwaga taka. Ndiyo maana kanuni ya mafundi ni kwamba barua isiyotakiwa ikataliwe mlangoni. Mswada unasema "rudisha barua taka", yaani unaamuru kosa lenyewe ambalo matini ya asili ilikuwa ikilikanya. Neno foleni, kwa upande mwingine, limetumika vizuri na litunzwe. Kila aliyepata kusimama dirishani benki anajua kwamba foleni husogea, husimama, na pengine mtu huambiwa akae kando.

6. Huria na holela

Sura ya mwisho ya mswada inaonya: "Hakikisha seva yako si huria." Msomaji ataduwaa. Katika sura ya kwanza ameambiwa kwamba Debian na Postfix ni programu huria, na kwamba hilo ni jema: aweza kuzichunguza, kuzibadili na kuzigawa. Sasa anaambiwa uhuria ni hatari. Je, aziondoe?

Kilichokusudiwa ni tarishi anayekubali barua kutoka kwa mtu asiyemjua, kwenda kwa mtu asiyemhusu. Tarishi wa namna hiyo hugunduliwa upesi na wamwaga taka. Husukumiwa barua kwa maelfu, na kabla ya muda mrefu seva yake huandikwa katika orodha za waliopigwa marufuku. Baada ya hapo hata barua halali za ofisi hukataliwa kila mahali. Kiingereza kinatumia kivumishi kimoja kwa uwazi wa programu na kwa uzembe huu. Sisi hatulazimiki kuurithi umaskini huo, kwani tunalo neno holela, ambalo kila mtumishi wa ardhi na kila dereva analijua: ujenzi holela, maegesho holela. Upitishaji holela ni upitishaji usio na utaratibu wala ruhusa. Onyo lenyewe liwe: "Hakikisha tarishi wako hapitishi barua kiholela."

Karibu na hapo lipo kosa jingine. Mfasiri ameyaacha maneno mengi ya faili ya main.cf kama yalivyo, na amefanya vema, lakini mynetworks amelifasiri kuwa "mitandaoyangu" ndani ya mfano wa kunakiliwa. Postfix haitaikataa faili hiyo. Itaendelea na kazi bila kulitumia neno isilolijua, na orodha ya mitandao inayoruhusiwa kupitisha barua itabaki ile ya awali, huku afisa akiamini kwamba ameibadilisha. Sheria yapasa iwe bayana: lisomwalo na mtu hufasiriwa, lisomwalo na mashine huachwa, kisha huelezwa.

7. Pepo asiye pepo

Barua iliyorudishwa aghalabu huja na jina MAILER-DAEMON, nao mswada umeandika "pepo wa barua". Jina hilo lilianza kutumiwa na wataalamu wa Project MAC huko MIT mwaka 1963, kwa mfano wa kiumbe cha kuwaziwa cha mwanafizikia James Clerk Maxwell, ambaye hukaa mlangoni akizitenga molekuli bila kuchoka. Kwao lilikuwa jina la mtumishi asiyeonekana. Kwetu pepo hampangii mtu barua. Humpanda, naye hutafutiwa mganga wa kumpunga. Mtumishi anayefungua kompyuta asubuhi na kukuta salamu za pepo hatasoma zaidi, na taarifa iliyokuwa ikimwambia kwamba anwani aliyoandika ina kosa itafutwa.

Ifasiriwe kazi, si ngano. Programu ya namna hii huwa macho nyuma ya pazia ikingoja shughuli, mchana na usiku. Katika hospitali zetu na vituo vya polisi mtu huyo yupo, naye husemwa kuwa yuko zamu. Twapendekeza mshikazamu. Jina MAILER-DAEMON, likiwa limeandikwa na mashine, liachwe na lielezwe kwa sentensi moja.

8. Mapendekezo

Kwa kuzingatia yaliyojadiliwa, istilahi zifuatazo zinaletwa kwa wasomaji ili zijaribiwe kazini kabla ya kufikishwa kwenye kamati ya usanifishaji:

Tarishi: programu inayochukua barua kutoka seva hata seva.
Mgawaji: programu inayotia barua katika sanduku la mwenyewe.
Mtunza masanduku: programu inayomfungulia mwenye sanduku asome.
Mlango: namba ya mahali pa kuingilia mawasiliano.
Kujitambulisha: tendo la tarishi mgeni kutaja jina la mashine yake.
Anwani ya kurudishia: jina lililo juu ya bahasha.
Mwandishi: jina lililo katika kichwa cha barua.
Kukataa, kuahirisha, kurudisha: kila kimoja kwa maana yake, pasipo kubadilishana.
Upitishaji holela: kupitisha barua za yeyote kwenda kwa yeyote.
Mshikazamu: programu ingojayo shughuli nyuma ya pazia.

Katika maneno haya hakuna hata moja lililotoka mbali. Mengi hutamkwa kila siku katika ofisi, posta na barabara zetu. Tarishi na mshikazamu, kwa kuwa ni majina ya watendaji, yafuate upatanisho wa viumbe, hata yanapotaja programu: tarishi amekataa, mshikazamu anangoja.

Walimu wa vyuo vya ufundi twawaomba wayajaribu kwa njia iliyo rahisi. Wampe mwanafunzi agizo lililoandikwa kwa maneno haya, wamwache peke yake mbele ya mashine, kisha watazame anafanya nini. Akifanya lililokusudiwa, neno limefaulu. Akifanya jingine, watuandikie ni neno lipi, nasi tutalirudisha mezani.